Kuku Mmoja kwa Kila Gunia

Sheria ya kuku niliitunga mimi, sikatai. Nilikuwa katibu wa vijana wa kanisa letu, karibu na soko la Tawa, msichana niliyemaliza chuo na sina kazi, na mtu asiye na kazi ni hatari akipewa kalamu.

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yako chini: unachimba kwa bakuli, unangoja yajikusanye, unachota. Mwaka huo kila aliyechimba alikuta kwanza nepi, kisha chupa za plastiki, kisha karatasi za mkate, ndipo maji. Siku moja mama alirudi na nusu mtungi, akasema hata ng'ombe ameyanusa yale maji akageuka. Sisi vijana tulikasirika kwelikweli. Tuliwaandikia wakubwa barua, hawakujibu.

Ndipo nikakumbuka mwethya. Kwetu watu wakiitana mwethya, kazi ya pamoja ya kuchimba matuta au kujenga bwawa la mchanga, asiyefika bila sababu hufuatwa kwake kwa nyimbo, kuku wake akachukuliwa, akapikwa, akaliwa na waliofanya kazi. Hakuna anayekasirika, au tuseme hukasirika kimoyomoyo. Nikasimama mkutanoni nikasema tufanye mwethya ya mto, na kila gunia la taka litakalojulikana mwenyewe, kuku mmoja. Walipiga makofi mpaka mchungaji akaamka.

Jumamosi ya kwanza tulipekua magunia kama polisi wa upelelezi. Moja lilikuwa na karatasi za nyimbo zilizochanwa na pakiti nyingi za rangi nyeusi ya nywele. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyekuwa akitushuhudia kwamba Bwana amemhifadhia nywele zake zisiingie mvi, alikohoa tu. Tulimfuata nyumbani kwa wimbo aliotufundisha mwenyewe, sauti zote nne. Jogoo wake alikuwa mtamu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu. Wiki kadhaa kabla ya sheria yangu, mama alinipa gunia la taka za nyumbani na jembe, nichimbe shimo nyuma ya ghala nilizike. Ardhi ilikuwa ngumu, jua kali, na mimi nina cheti cha chuo. Nililiburuta gunia hadi ukingoni mwa mto nikalisukuma. Nilijipa moyo kwamba mvua ikija italipeleka hadi mto Athi, na Athi italipeleka baharini, ambako wana nafasi kubwa kuliko sisi.

Mvua ilikuja, ikalisogeza hatua chache, ikachoka. Jumamosi ya pili mwalimu wa kwaya ndiye aliyeliona, limenasa kwenye mizizi. Alilivuta mwenyewe, mzee wa watu, akakataa kusaidiwa. Halikuhitaji kufunguliwa. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu na wa kijani, na pale hapakuwa na nyumba isiyo na kiondo chenye uzi ule. Mama ndiye aliyevisuka vyote.

"Hii mshono tunaijua," alisema, na sijawahi kumwona na furaha namna ile, hata Krismasi.

Watu wakageuka kumtazama mama. Mama alikuwa ametuletea chai, birika bado mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, ningeweza hata kutoa hotuba. Badala yake nilianza kurekebisha glavu zangu, kidole kimoja kimoja. Mama aliliangalia gunia, akaniangalia mara moja, akaweka birika chini.

"Ni yangu," akasema. "Kujeni mchukue kuku."

Walimfuata wakiimba, nami nikiimba nyuma kabisa, bila sauti. Alimkamata mwenyewe yule wa madoadoa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutaga. Aibu niliyoihisi sikuwahi kuihisi tangu nizaliwe, na bado mdomo haukufunguka.

Kuku alipikwa kwenye banda la kanisa, na mama, kama kawaida, ndiye aliyepakua. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, baba wa nyumba au mzee anayeheshimiwa. Msichana akiila, anatafuta maneno. Mwalimu wa kwaya alikuwa tayari amenyoosha sahani yake. Mama aliipita ile sahani, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea firigisi juu ya ugali.

"Kula, katibu," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Leo wewe ndio mzee wa sheria."

Watu walicheka. Nilitia mdomoni. Firigisi haimezwi haraka. Inataka kutafunwa, na kadiri nilivyotafuna ndivyo ilivyokuwa kubwa. Mwishowe niliitoa, nikasimama nayo mkononi, nikasema gunia nililitupa mimi na mama hakujua.

Kelele zilizofuata sitazieleza. Mwalimu wa kwaya alidai kuku wa pili, kwa ajili ya uongo. Mama akasema kuku wamekwisha, lakini binti ana mikono miwili. Nichimbe shimo kwetu, na nikimaliza nichimbe la mwalimu. Ikapitishwa bila kupingwa. Niliandika kumbukumbu za kikao mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa bado katibu.

Nilichimba siku nne. Shimo liliponifika kifuani, mama alikuja akasimama ukingoni na lile gunia, na mshono wake ukiwa mzima. Nilimuuliza kilichokuwa kikinila tangu siku ile.

"Mwaitu, kwa nini ulidanganya watu wa kanisa?"

"Nilidanganya wapi?" aliuliza, akaliachilia gunia likaanguka miguuni pangu. "Uzi si ni yangu? Na wewe si ni wangu?"

Niliinama kushika jembe ili asinione machozi, naye akaniambia nipanue upande wa kushoto, mwalimu wa kwaya alikuwa amefika na magunia yake matatu.