Pois não

Bosi wangu alikuwa Mbrazili, mhandisi, na mimi karani wake hapa Kampala. Siku ya kwanza aliponikaribisha chakula cha jioni nyumbani kwake Luzira, peke yangu, nilicheka tu, nikamgeukia dereva wake na kumwambia kwa Kiswahili, "Huyu mtu namwogopa." Kiingereza cha bosi kilikuwa cha kuombea maji, na kila nilipojaribu kukataa kwacho alitabasamu kama hajaelewa.

Nikaanza kujifunza kukataa kwa Kireno, kwenye simu, nikiwa nimejifungia chooni ofisini. "Hoje não posso," leo siwezi. "Fica para a próxima," tuache hadi siku nyingine. Niliyaandika yote kwenye daftari, lakini yalinitisha. Kazi yenyewe niliipata kwa mbinde. Bosi utamwambiaje siwezi, kavu hivyo? Nilitaka neno laini, nikalipata kwake mwenyewe. Wakubwa zake walipompigia, alisema kwa upole, "Pois não." "Não" ni hapana, hilo nilijua. Nikaona hiyo ndiyo hapana ya watu wenye adabu.

Jumatano aliponikaribisha tena, chakula cha Jumamosi, niliinamisha kichwa. "Pois não."

Uso ukamng'aa. Alhamisi akauliza tena, nikamjibu vilevile. Moyoni nilijisifu.

Jumamosi saa kumi gari lake likasimama mbele ya nyumba yetu, kwenye kota za polisi Naguru.

"Dada," dereva akasema, "muzee ametuma mimi kuchukua wewe. Anasema ulikubali mara mbili."

Nikatafuta maana kwenye simu. "Pois não": naam, bila shaka. Nikikataa sasa, Jumatatu sina kazi. Nikienda, Mungu ndiye ajuaye.

Mama, mjane wa polisi, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuuliza mengi. Alimwambia dereva ampigie bosi, akaishika simu mwenyewe.

"Mimi mama yake. Mutoto hatakuja. Hapana. Umesikia? Hapana."

Nikafumba macho. Mama hajui Kireno wala Kiingereza, na bosi katika miezi minane hakuwahi kutamka mbele yangu neno moja la Kiswahili.

Kisha nikaisikia sauti ya bosi kwenye simu, kwa Kiswahili safi kabisa: "Nimesikia, mama. Samahani."

Nikakumbuka nilichomwambia dereva siku ile ya kwanza, bosi akiwa amesimama katikati yetu, anatabasamu.