Sijawahi Kumwona Akiswali

Kosa langu lilikuwa kujibu swali nililoulizwa. Wanawake wawili wageni wakiingia uani kwako, wakasifia kivuli chako, wakasifia maji yako ya mtungi, kisha wakauliza habari za binti wa jirani, hawaulizi ili wajue. Wanatimiza utaratibu. Jibu lipo tayari tangu enzi za bibi zetu: mtoto katulia, hana makuu. Unalitoa, wanamaliza maji, posa inakuja, ndoa inafungwa, na wewe unakula pilau.

Mimi nilijibu.

Ili nieleweke, niseme kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona nguo hapahapa kwangu Mlandizi, sokoni naagiza, na harusi nahudhuria zile tu ambazo muziki wake ungenifikia hata nisipokwenda. Shule niliishia kidato cha nne. Mwaka huu mpwa wangu aliniwekea kwenye simu masomo ya mwalimu mmoja anayeeleza kwa Kiswahili wanafalsafa wa Ulaya wa zama za mwangaza, wale waliotaka binadamu atumie akili yake mwenyewe badala ya kungoja kuambiwa. Nilikubali kwa sababu tamthilia niliyokuwa naifuatilia ilikuwa imekwisha.

Basi cherehani inanguruma, mwalimu anaeleza. Mmoja alishuku kila kitu, mpaka nikamhurumia mkewe, kama alikuwa naye. Mwingine akasema tunachokijua ni kile kilichopita machoni na masikioni, mengine ni mazoea tu. Wa tatu hakutoka mkoani kwao maisha yake yote. Huyo nilimpenda hata kabla sijasikia alichofundisha. Alifundisha kwamba kabla hujatenda jambo, ujiulize kama ungekubali liwe sheria kwa kila mtu, na kwamba uongo haufai hata ule wa kumwokoa rafiki. Nikaona huyu ni mtu wangu. Kusema kweli ukiwa umekaa kwako ni kazi nyepesi, hasa kama hakuna anayekuuliza kitu.

Ndipo wakaja wale wawili kutoka Marui, Kisarawe, shangazi wa kijana pamoja na shoga yake. Jirani yangu ni mjane mwenye binti mmoja anayefanya kazi kiwandani Kwala. Huko ndiko binti alikokutana na kijana wa Marui, wakapendana. Ilibaki wakubwa kuridhika.

"Mtoto vipi, ana heshima?" shangazi akauliza.

"Anayo. Ananiamkia kila siku."

"Na swala? Anaswali?"

Mwenye akili angesema "sana" na kuendelea kupinda pindo. Mimi nikaweka mkasi chini. Nikajiuliza ninajua nini hasa. Kati yangu na jirani kuna ukuta, na chumbani kwa yule binti sijawahi kuingia wakati wa swala.

"Sijawahi kumwona akiswali," nikasema.

Wakatazamana. Maji hawakuyamaliza. Nami nikarudi kwenye cherehani nimejaa furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Washenga waliotarajiwa hawakutokea. Badala yao alitokea jirani, kupitia mlango wa jikoni, bila hodi.

"Mwenzangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kijana kampigia mwanangu. Kwao wamekataa. Wanasema jirani kathibitisha kwamba binti haswali."

"Sikusema haswali. Nilisema sijamwona."

"Ulitaka aje aswalie kwenye cherehani yako?"

Masomo yale, nilivyokumbuka, hayakuwa na somo la swali hilo. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesema kweli tupu, na wale wanawake wakaondoka na uongo. Mimi mwenyewe naswalia chumbani, naishi peke yangu. Jirani yangu akiulizwa habari zangu, naye akijibu kwa uhodari kama wangu, mimi ni kafiri. Je, ningekubali hiyo iwe sheria kwa kila mtu? Nisingekubali hata iwe sheria ya mtaa huu. Mambo ya mtu na Mola wake nilikuwa nimeyatolea ushahidi kwa kutazama ukuta.

"Nitakwenda Marui kurekebisha," nikasema.

Jirani alicheka kwa mara ya kwanza. "Wewe? Dukani tu hufiki."

Binti alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya mama yake. Hakuwa amelia, au alikuwa amekwishamaliza. "Mama mdogo," akaniambia, "ukifika huko, niulizie na yeye kwa majirani zake."

"Binti haulizii mume," mama yake akasema.

"Mbona wao wameuliza?"

"Mume ni kudra ya Mungu."

"Kudra nakubali, mama. Lakini na mdomo kanipa yuleyule."

Yule mtu wangu asiyetoka kwao angempenda huyu mtoto. Kinachowafaa wao kumuuliza yeye, kinamfaa naye kuwauliza wao. Nilikuwa nimelisikiliza somo lile zaidi ya mara moja na bado sikuwa nimeona mlango huo.

Safari yenyewe siisimulii. Nilikaa nyuma ya bodaboda nimefumba macho kutoka Mlandizi, tukapita Mzenga, na vumbi lote la Kisarawe likanipokea kama ndugu yake aliyepotea. Nilianza kwa jirani wa kijana, mzee aliyekuwa anachoma mkaa nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo. Kijana wa hapo jirani, tabia yake ikoje?"

"Marahaba. Katulia sana, hana makuu," akajibu bila hata kuuliza ni kijana yupi. Nyumba ile ina vijana wanne.

Nikamuuliza tena, nikamtaja vizuri, yule anayefanya kazi Kwala. Akafikiri. "Huyo mbishi," akasema. "Lakini ndiye aliyenichimbia choo mvua ilipobomoa cha zamani. Sikumwomba."

Shangazi nilimkuta anamenya mihogo. Alinitambua, akasogeza kigoda.

"Umekuja kusema kwamba anaswali?"

"Hapana. Nimekuja kusema kwamba sijui."

Kisu kikasimama. "Umetoka Mlandizi mpaka hapa kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo. Siku ile nilisema sijaona, nanyi mkabeba kwamba hapana. Sikuwasahihisha, na nilipaswa. Swala yake anaijua yeye na Mungu wake."

"Basi wewe unajua nini?"

"Nilipolala na homa alikuwa ananiletea uji kabla ya kwenda kazini. Mama yake hakujua, kwa sababu wakati ule mama yake na mimi hatukuwa tunasemeshana."

Shangazi akaweka kisu chini. "Hilo mbona hukulisema?"

"Hamkuuliza."

"Dada, wewe una kichaa kidogo," akasema, akaendelea kumenya. Baadaye akanipa mihogo ya kwenda nayo na kuniambia kwamba safari hii atakuja kumuuliza mwenyewe.

Alikuja. Tulikaa sebuleni kwa jirani, na binti hakufichwa chumbani. Shangazi akamuuliza swali lilelile.

"Naswali," binti akasema. "Na siku nikikosa, najua nimekosa. Na mimi nina swali. Nikiolewa, kazi yangu ya Kwala naendelea nayo?"

"Hilo utaelewana na mumeo."

"Nimekwishaelewana naye. Sasa nawauliza nyinyi."

Mama yake akaanza kuchunguza zulia. Mimi nilibana mdomo kwa vidole, kwa usalama wa wote. Bega la shangazi likaanza kutikisika kwa kicheko. "Endelea nayo," akasema. "Mbishi kapata mbishi mwenzake. Washenga watakuja Ijumaa."

Tulipokwisha kumsindikiza shangazi mpaka barabarani na kurudi, nilibaki na jirani mlangoni pake, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimefika katikati ya sentensi ya kwanza aliponikata.

"Sijakusamehe bado," akasema, "lakini Ijumaa uje unisaidie kuchambua mchele, maana huo hata ukiusema ukweli wake wote hauna shangazi wa kuvunja posa."