Nilivyounda vifaa vya kugema utomvu wa mbungo, mama mkwe akanionyesha chombo nilichozaliwa nacho

Wakuu, habari za mihangaiko. Hiki nakisimulia kama kilivyonipata, sijaongeza chumvi. Asiyeamini aje Newala nimwonyeshe mkono.

Mimi ni fundi simu, Mmakua wa Lupaso, nimeoa Umakondeni na naishi ukweni. Mwaka huu binti yetu Zuhura alikuwa anatolewa unyago.

Ukoo wa mke wangu una ngoma moja kubwa. Bibi yake Zuhura alitolewa kwa ngoma hiyo, na mama yake pia. Katikati ya ngozi yake huwekwa nundu nyeusi ya utomvu wa mbungo uliopikwa na mafuta ya nyonyo. Bila nundu ile, ngoma inalia kama ndoo.

Jumatatu tukaishusha darini. Panya wameila nundu yote!

Shemeji yangu, ambaye ndiye mjomba wa binti na ndiye mpigaji, akasema, "Shemeji, utomvu usipopatikana hadi Ijumaa, Jumamosi tunakodi spika."

Zuhura yuko ndani, hajui lolote. Iliniuma, wakuu. Nikajitolea mbele ya watu, "Niachieni mimi, mimi ni fundi."

Mbungo kwa wasioujua ni ule mti unaotambaa porini, wenye matunda machachu ya juisi. Ukiuchanja unatoa maziwa. Nikadhani kazi ni kukinga tu.

Nikasaga kipande cha msumeno wa chuma kikawa kisu, mpini nikauzungushia tyubu ya baiskeli. Nikachukua njiti ya mwavuli mbovu, ile yenye mfereji, iwe bomba. Chini nikaning'iniza kopo la nyanya kwa waya. Nikapiga picha kabisa, nikajiona injinia.

Nikarudi baada ya saa mbili. Kopo kavu. Maziwa yalikuwa yamegandia kwenye mfereji, yamekuwa uzi wa mpira.

Version ya pili, nikakata chupa ya maji, mdomo nikaugeuza faneli. Ukaziba. Ya tatu, bomba la plastiki nililopasua katikati. Likaziba pia. Hadi Alhamisi asubuhi nilikuwa na kidonge kinachotosha kuziba tundu la sikio.

Sasa hapa kuna jambo la kwetu. Mimi na mama mkwe hatusemezani. Si ugomvi, ni heshima. Miaka kumi na miwili, akipita njiani mimi napisha pembeni na kuinamisha macho. Akiwa na neno, anampa mke wangu, hata kama mimi nimesimama hapo hapo.

Alhamisi hiyo nikiwa uani nakwangua bomba langu, nikamsikia nyuma yangu, "Mama Zuhura, mwambie mwenzio utomvu wa mbungo hautaki chombo. Unataka ngozi ya mtu."

Mke wangu akanigeukia, hana mbavu. "Baba Zuhura, umesikia au nirudie?"

Tukaenda porini wawili. Nachanja kwa kile kisu changu, yeye anachota kwa vidole na kunipaka kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Joto la mwili linagandisha, maziwa yanakuwa utando. Halafu unauviringisha kama unavua soksi.

Wakuu, mimi nina vinyweleo. Nililia! Kila utando ulitoka na mali yake. Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Kufikia raundi ya nne mkono ulikuwa mweupe pe, hapakubaki cha kung'oka, kazi ikawa laini.

(Kama mpira unakuwasha mwilini, usijaribu. Na usijiguse macho.)

Jioni tulirudi na donge la ukubwa wa yai la bata. Shemeji akalipika, akalibandika, akagonga mara moja tu. Mama Zuhura akapiga kigelegele akiwa jikoni.

Jumamosi binti yangu akatoka amepambwa, anang'aa, na ngoma ya bibi yake ikamwita. Nimeyaona mengi ila siku ile nilifuta machozi bila aibu.

Mama mkwe akapita na wenzake. Kama kawaida nikapisha, nikainamisha macho. Kwa pembeni nikaona kile kisu changu cha msumeno kiunoni mwake, sijui alikichukua lini.

Akawaambia wenzake kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia vizuri, "Hiyo ngoma ya ukoo mnaisikia? Ina vinyweleo vya mkwe wangu ndani."

Nilichojifunza: kabla hujaunda kifaa, uliza waliofanya kazi kabla yako, hata kama ni kupitia kwa mkeo. Kwenu utomvu mnaukingaje? Mwageni uzoefu hapa. Wa kunicheka pia karibuni, mkono umeanza kuota upya.