Nanga Iliyooshwa kwa Heshima Yangu

Nilitoka Giakanja kwa sababu ya simu. Mama Muriithi wa Kerugoya, mjane wa mpishi wa meli, alikuwa ameona picha niliyochora ya birika kuukuu la shangazi yangu. "Njoo unichoree nanga ya mzee," akasema. "Jumapili Muriithi anaibeba aende nayo kwake Nairobi. Mimi nataka nibaki na sura yake, na kutu yake yote."

Nilikubali, kisha nikajilaumu. Shule niliishia darasa la nane, bahari sijaiona, na rangi ya maji ninayochorea, ukikosea haifutiki.

Nyeri mjini nilinunua karatasi mbili nzito: moja ya kuchora, moja ya kuharibu.

Karatina nilishuka kubadilisha gari. Mlima ulikuwa wazi, theluji yake nyeupe kama karatasi isiyoguswa. Nasi wachoraji cheupe hatukipaki, tunakiacha tu. Nilifurahi hadi woga ukapungua.

Kerugoya nilipokelewa langoni na Wawira, mke wa Muriithi, mikono bado imelowa. "Anti, karibu! Hiyo nanga nimekuoshea vizuri."

Kweli, ilikuwa kwenye nyasi iking'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa ameisugua kwa brashi ya waya na msasa tangu alfajiri.

Mama Muriithi alitoka na chai, akaiona, akasimama. "Hiyo si ya mzee. Hiyo ni ya duka."

"Mama, si mgeni angesema ati sisi ni wachafu?"

Niseme haki: hata mimi ningeisugua. Kwetu mgeni haonyeshwi kitu kichafu, na hakuna aliyemwambia Wawira kwamba kutu ndiyo iliyonileta.

Nilikuwa narudisha brashi zangu kwenye mkoba nilipoona karai kando ya bomba, maji mekundu ndani, tope la kutu limetulia chini.

"Wawira, hayo maji usimwage!"

Nilichovya brashi. Ikatoka rangi nyekundu yenye chengachenga, ambayo dukani sijawahi kuipata. Wawira akawa ananionyesha kila shimo, maana yote aliyasugua yeye. "Hapa ilikuwa imeliwa kama kiazi na panya."

"Panya gani? Hiyo ilikuwa kazi ya fuko," Mama Muriithi akamkosoa, akivuta kigoda karibu.

Wakabishana shimo kwa shimo, nami nikachora.

Picha ilipokauka, Mama Muriithi aliipapasa. Kidole kikabaki chekundu. Akampaka Wawira nacho puani. "Sasa hii ni ya mzee." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Jioni nilirudi Giakanja. Sitadanganya, mkono mmoja wa nanga ulitoka mnene. Nimejifunza kumwambia mwenye nyumba mapema asinioshee kitu. Na ile karatasi ya kuharibu nimerudi nayo safi.