Kadi Mbili Siku ya Soko

Juzi mpwa wangu alinitumia picha za kadi mbili kuukuu za grafiki, akitaka kujua ni ipi ingeendesha mchezo wake vizuri zaidi. Alikuwa amezilaza juu ya kitambaa cha meza kama vitu vya mnada. Nilizitazama nikiwa kwenye foleni ya benki, na badala ya kumjibu nikajikuta nimerudi mji wa Karatina, chini ya mlima, likizo ya Agosti, msichana wa darasa la saba mwenye visigino vilivyopasuka kwa baridi na harufu ya karoti vidoleni. Kama ulikulia upande ule wa mlima, baridi hiyo unaijua. Ukungu hukaa mpaka karibu saa sita, na jua likitoka, hutoka kama mgeni aliyekuja kusalimia tu.

Likizo zote nilikaa kwa cucu, mama mzazi wa baba yangu. Asubuhi tulikata nyasi za ng'ombe, kisha tukateremka mtoni kuosha karoti za soko. Tulizitia guniani, tukazimwagia maji, tukazisugua kwa miguu hadi zikang'aa, nasi tukaacha kuhisi vidole. Mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, iliyochanganywa na kabichi. Halafu cucu akakaa sokoni na karoti na kabichi zake, nami nikakimbilia kwa shangazi.

Shangazi alikuwa na saiba, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na kompyuta za mitumba zikinguruma kuzunguka kuta. Aliwachapia watu barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Aliniita Mami, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hata akinigombeza alinigombeza kwa adabu. Jioni ilipokaribia, watoto wa mji walikuwa wakija kucheza michezo, na hao ndio waliokuwa wakikiweka hai chumba kile.

Mwaka ule walihama. Chumba kipya cha michezo kilifunguliwa karibu na steji ya matatu, na huko magari ya mashindano yalikwenda laini kama siagi. Kwetu gari likifika kwenye kona lilikwama. Uliiona kona, halafu ukajiona umeshagonga ukuta. Shangazi alimwambia cucu, tukiwa tunakula, kwamba shule zikifunguliwa kabla watoto hawajarudi, atauza kompyuta zote na kufunga mlango. Cucu aliniongezea githeri tu, kana kwamba mimi ndiye niliyepata msiba.

Na kweli ulikuwa msiba wangu. Kazi ilipopungua pale saiba, nilikuwa nikisoma kwenye intaneti mabishano ya watu wa mbali kuhusu kadi za grafiki, kile kibamba ndani ya kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Walibishana kama wazee wanaobishana juu ya mipaka ya shamba. Nusu ya maneno yao sikuyaelewa, lakini moja lilinikaa kichwani: kadi ya zamani iliyokuwa kubwa enzi zake inaweza kuishinda kadi mpya iliyotengenezwa kwa unyonge.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta kutoka mji wa Kutus aliyekuja siku za soko na mkoba wa vipuri. Alikuwa mtu mpole, mpenda chai. Siku moja alileta kadi mbili, na fedha za shangazi zilitosha moja tu. Ya kwanza ilikuwa mpya kidogo, nyepesi, na sanduku lake lilikuwa na picha ya joka. Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, imejaa vumbi, na haikuwa hata na sanduku.

"Chukua hii ya joka," fundi akamwambia shangazi. "Iko na memori mara mbili ya hiyo ingine. Hiyo ingine ni ya kitambo, nimeibeba tu."

Wakati huo cucu alikuwa ameingia kupumzisha miguu, buti zake zikiwa na matope. Alizichukua zile kadi, moja mkono huu, moja mkono ule, akazipima.

"Kabichi hununui na macho," akasema. "Unafinya. Kuna ingine ni kubwa na ndani ni upepo."

Wote walicheka, fundi akiwemo. Mimi sikucheka. Nilimwomba shangazi tuzijaribu zote mbili kabla hajaamua, na fundi akasema haina shida, bora chai iendelee kuja. Cucu akarudi kwenye kabichi zake.

Tulitumia kompyuta ileile, mchezo uleule wa mbio, barabara ileile, na mimi ndiye dereva mara zote mbili. Pembeni mwa kioo tuliweka namba inayoonyesha picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Ikipanda, mchezo unateleza, ikishuka, unakwama. Kadi ya joka ilianza vizuri. Lakini kila nilipokaribia magari mengine namba ilianguka, na kona ikanishinda. Ilikuwa afadhali kuliko zamani, hiyo tu.

Ile nzito ilitaka waya wake wa umeme, na fundi ikabidi atoe kisanduku cha umeme kwenye kompyuta moja iliyokufa. Tulipoiwasha, namba iliruka juu sana hata shangazi akaja kusimama nyuma yangu. Nikapita kona ya kwanza. Nikapita ya pili. Halafu mistari ya kijani na zambarau ikatambaa kwenye kioo, na kila kitu kikawa cheusi.

Fundi akasema kwa upole kwamba ndivyo vitu vya kitambo vilivyo.

"Basi, Mami," shangazi akasema. "Wacha tuchukue hiyo inafanya kazi."

Niliweka mkono nyuma ya kompyuta. Hewa iliyotoka ilikuwa kama ya jiko.

"Haijakufa, Tata," nikamwambia, maana kwetu shangazi huitwa hivyo. "Imeshikwa na joto. Nipe mpaka cucu amalize kuuza kabichi."

Alirudi kwenye kazi yake ya kuchapa. Kwa shangazi, hiyo ilikuwa ndiyo. Mimi na fundi tuliifungua ile kadi kwa bisibisi. Ndani, feni ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi, na ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye chipu ilikuwa imekauka ikawa unga. Tulipiga vumbi kwa brashi ya rangi, fundi akatoa krimu mpya mkobani, akaniachia niipake mwenyewe. Kisha tukaisogeza kompyuta hadi dirishani, ubavu wake ukiwa wazi, tukafungua dirisha. Baridi ya mlima, ile niliyoilaani kila asubuhi mtoni, ikaingia yote.

Niliendesha mbio nzima. Namba haikushuka. Kona zilikuja moja baada ya nyingine zikiwa kamili, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kando ya barabara ya mchezo ule kulikuwa na watu wanaopunga bendera. Miezi yote ile walikuwa pale, na kompyuta yetu haikuwahi kutuonyesha.

Mtoto wa afande, mvulana ambaye baba yake alihamishiwa kituo chetu cha polisi kutoka Kakamega, alikuwa akipita. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kule steji. Alisimama mlangoni, akaomba zamu, akacheza kimya mpaka mwisho.

"Hii ni poa kushinda ya kule," akasema, akatoka mbio kuwaita wenzake.

Kabla soko halijavunjika chumba kilikuwa kimejaa hadi nje. Watoto walining'inia dirishani, wakaziba ile baridi yetu, tukawafukuza, wakarudi. Cucu alifika na magunia matupu begani, akashindwa kupita.

"Ni nani ameshinda?" akauliza.

"Ni Mami," shangazi akajibu, na sauti yake ilisikika mpaka duka la mbegu.

Shangazi alinunua ile nzito, na saiba haikufungwa. Kila siku ya soko fundi alileta kadi nyingine kuukuu tuzipambanishe, na mimi nikaandika mshindi ukutani kwa chaki. Watu wazima waliacha mikokoteni nje waingie kutazama. Mwalimu wa hesabu alikuja kuuliza kitu kuhusu namba zetu, akakaa kucheza mpaka mke wake akamfuata.

Leo cucu amelala shambani kwake, chini ya miparachichi. Chumbani mle huuzwa vifuniko vya simu, na ukuta wa chaki umepakwa rangi. Anayetaka kulinganisha kadi mbili hatafuti fundi wala dirisha. Anafungua video, mtu asiyemjua anamwonyesha namba, basi. Simu iliyo mfukoni mwangu ina nguvu kuliko vyote tulivyowahi kuvifungua kwa bisibisi. Lakini nimeshinda mambo mengi tangu siku ile, mengine makubwa, nikiwa peke yangu mbele ya kioo, na hakuna hata mara moja ambapo mji mzima umening'inia dirishani ukinishangilia.