Karatina Bila Shughuli

Mimi si mtu wa matembezi. Kwetu Tetu, miaka ile ya sabini, mwanamume alitoka nyumbani kwa sababu: kupeleka maziwa, kwenda kazini, kwenda mazishini. Mtu aliyepanda basi ili akaone tu tulimwita mvivu, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwita hivyo. Nilikuwa mwalimu, na walimu tuna midomo.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilipomwambia mke wangu ajitayarishe tukaone soko la Karatina, aliniuliza tunakwenda kununua nini. Nikasema hatununui kitu, tunatembea tu. Akaacha ufagio, akaingia ndani kuvaa.

Siku tatu kabla ya hapo, daktari aliyekuwa akimtibu tumbo alikuwa ameniita peke yangu, akafunga mlango. Aliniambia kwamba uvimbe ule hauna dawa, na kwamba mke wangu huenda asiione Krismasi. Akauliza nani atamwambia. Nikasema nitamwambia mwenyewe, na sikumwambia. Watoto wetu walikuwa wanne, yule wa mwisho hata shule hajaanza. Niliona heri mama yao apate kwanza siku moja ya furaha asiyojua sababu yake. Nilikuwa mwoga, na ule woga nikauita huruma.

Tulisafiri kimaskini. Basi la kutoka Wamagana lilitufikisha mjini Nyeri, jingine likatupeleka Kiganjo, na hapo tukapanda gari la moshi, daraja la tatu. Mke wangu alizaliwa karibu na reli. Utoto wake wote alilisikia gari hilo likipita na hakuwahi kulipanda. Nilimpa kiti cha dirishani. Mlima ulikuwa wazi, theluji yote nje, lakini yeye hakuushughulikia. Alitazama mashamba ya watu na kuyakosoa: huyu amechelewa kupalilia, yule ng'ombe wake amekonda na majani yapo tele. Nikaona amefurahi, nikajipongeza kimoyomoyo.

Karatina nilikuwa nimepanga tuingie hotelini, tunywe chai na mandazi, tuzunguke kidogo, turudi. Chai aliikataa. Akanipa kiondo, kikapu chake cha kusuka, nikishike na kuniongoza moja kwa moja hadi upande wa vyakula.

Asiyewajua wanaume wa kwetu haoni ubaya wa jambo hilo. Sokoni, wanaume tulikuwa na upande wetu, wa mbuzi na ng'ombe, na huko tulibishania bei mpaka mate yakatukauka. Upande wa maharagwe na vitunguu ulikuwa wa wanawake. Mwanamume aliyeonekana huko akibonyeza viazi hakugombezwa na mtu. Alichekwa tu, na kicheko kikamfuata hadi nyumbani.

Mke wangu akaanza kunifundisha. Nisinunue maharagwe kwa kuyaangalia juu, maana mazuri huwekwa juu. Nitie mkono mpaka chini ya gunia. Nilivunje moja kwa meno. Niigeuze gorogoro, lile kopo la kupimia, nione kama kitako hakijagongwa kikaingia ndani. Kitunguu nikibonyeze shingoni. Na nisiondoke kamwe bila kudai nyongeza. Kila somo alinitaka nilirudie kwa mikono yangu, naye akisimama kando akipumua kwa shida. Wauzaji waliacha biashara zao wakanikodolea macho. Mmoja aliuliza kama mzee ameachwa na bibi. Wakacheka wote, na mke wangu akacheka nao.

Hasira ikanipanda. Nilimwambia kwa sauti ya darasani kwamba mimi ni mwalimu, si mpishi, na kwamba sikumleta Karatina anidhalilishe mbele ya wanawake. Kicheko kikakatika. Yeye akavuta gunia tupu, akalikunja, akakaa juu yake polepole, mkono mmoja tumboni.

"Kwani watoto watakula nini, Mwalimu?" akasema.

Nilijifanya sijaelewa. Nikasema watakula kama wanavyokula siku zote.

"Siku zote niko," akasema.

Nikachutama mbele yake na kile kiondo mkononi. Nilimuuliza ni nani amemwambia. Nilikuwa tayari kumchukia mtu huyo.

"Ni wewe umeniambia. Miaka kumi na tano hujanipeleka mahali bila kazi. Hata siku ya kuzaa nilienda hospitali kwa miguu na mama yako. Leo asubuhi ati twende tu tutembee. Nikajua daktari amekuambia nakufa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, hapo hapo katikati ya vitunguu, na safari hii hakuna mwanamke aliyecheka. Niliona aibu, si ya machozi, bali ya miaka ile kumi na tano. Wema wangu ulikuwa mgeni kwake kiasi kwamba alipouona tu alitambua ni kifo. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi hata kilio hakikuhitajika.

Nilimsihi turudi nyumbani. Akakataa, akasema nauli imeshakwenda na maharagwe hatujapata. Alinionyesha muuzaji aliyekuwa mwisho wa safu, mama mmoja mkali ambaye hakuwa amecheka hata mara moja.

"Enda peke yako. Mimi nitakaa hapa nikuangalie."

Nikaenda. Nilitia mkono mpaka chini ya gunia, nikavunja haragwe kwa meno, nikageuza gorogoro. Yule mama alitaja bei yake, nami nikakwama. Sikujua niishushe kwa kiasi gani. Nikageuka nimtazame mke wangu anipe ishara kwa macho.

Alikuwa amenipa mgongo. Muuzaji akanihimiza, nikageuka tena, na bado alikuwa ameelekeza uso upande wa reli, kwa makusudi, ili nianze kuzoea.