Nilivyokwenda zahanati kuomba chanjo ya sonona nikiwa nimevaa mabuti ya rafiki yangu

Sonona huambukizwa kwa kikombe.

Hamjambo wakuu? Mmesoma vizuri. Ukinywa chai kwenye kikombe cha mwenye sonona, wiki haiishi na wewe umekaa unatazama ukuta. Niliamini hilo kwa moyo wangu wote, na nikalitangaza kuanzia Vuga hadi Mombo.

Naandika ya kweli. Kwenye kabichi naweza kuongeza chumvi, kwenye habari ya rafiki yangu Athumani siongezi hata punje.

Habari yenyewe ilikuja kwa sauti iliyorekodiwa, kwenye grupu letu la simu la wapakiaji wa kabichi. Jamaa mwenye sauti nzito ya kidaktari anasema utafiti mpya wa saikolojia umegundua kwamba huzuni ya vijana inahama kutoka kwa rafiki kwenda kwa rafiki. Halafu akaongezea ya kwake: kikombe, pumzi, hata kofia.

Mwingine angeuliza. Mimi nimemaliza form four kwa masomo ya jioni, Biology nina C, tena C yenye afya. Ile C ndiyo iliyoniponza. Nikawaeleza wenzangu kwamba lazima kuna kijidudu. Nikakichora kabisa, kwa mkaa, ubavuni mwa fuso, lile lori tunalopakia. Nikakiwekea miguu sita.

Sasa Athumani.

Mimi na yeye tunapakia kabichi. Mmoja yuko chini anarusha, mwingine yuko juu ya fuso anadaka na kupanga. Miaka minne mimi chini, yeye juu. Kazi hii haina maneno, mnatazamana tu. Athumani alikuwa anadaka huku anapiga mluzi. Ningemrushia ng'ombe, angedaka.

Uchumba wake na binti mmoja wa Gare ulipovunjika, tulimtania wiki nzima, kwa lile neno letu Wasambaa la kumwita mwanamume. "Mgosi, zote unadaka, hiyo moja imekupitaje?" Akacheka na sisi.

Kisha mluzi ukakata.

Kisha akaanza kuangusha. Kabichi inampita begani, yeye anatazama mahali ilipokuwa. Siku moja ikampiga kifuani, pu! Hakusema hata "aah".

Hapo ndipo ningekaa naye. Badala yake nikakumbuka kijidudu changu cha miguu sita. Nikahamia fuso jingine. Nikavaa barakoa. Nikanywa tangawizi mpaka jasho langu lingeweza kuunga mchuzi. Akipiga simu, naishika mbali na sikio kama kaa la moto. Mwisho nikaacha kupokea.

Chekeni, wakuu. Mimi nikifika hapa sicheki sana.

Baadaye akanikuta njiani, akavua mabuti yake mapya.

"Chukua, mgosi. Saizi yetu moja."

"Na wewe utavaa nini?"

"Sitayahitaji."

Akaondoka peku kwenye tope. Nikasikia redio amempa binamu yake, jembe kampa jirani.

Mnajua nilifanya nini? Niliyachemsha. Mabuti, kwenye sufuria ya msibani! Yakatoka yamepinda pua, nikayavaa hivyo hivyo.

Lakini usingizi ukakata. Chakula hakipiti, kifua kinadunda kama kinu, na lile neno "sitayahitaji" linazunguka kichwani mchana kutwa. Nikajua tayari, nimeambukizwa. Nikaenda zahanati.

"Chanjo ya nini, kaka?" nesi akauliza.

"Ya sonona. Nimeipata kwenye mabuti."

Akainama kuyatazama, akacheka mpaka akashika meza. "Na haya kakupa nani?"

"Rafiki yangu. Anagawa vitu vyake. Anasema hatavihitaji."

Kicheko kikafa.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Sijui."

"Umeongea naye lini mara ya mwisho?"

"Siku ya mabuti. Simu zake sipokei."

"Ya chanjo tutaongea ukirudi. Nenda kamtafute. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua."

"Nesi, nikimuuliza si nitamtia wazo?"

"Kama analo, analo tayari. Ukiuliza unampa nafasi ya kusema. Kisha mlete hapa, na usimwache peke yake."

Nilipanda mlima wa kwao Athumani nikaanguka mara mia. Haya, mara nne, lakini mabuti yaliyopinda hayataki mlima. Kila kona najiambia nikitokeza nitakuta watu wamejaa uani. Kila kona natega sikio kama kuna kilio.

Uani alikuwepo mama yake tu, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Hilo nililistahili. Akanionyesha kwa kidevu, nyuma ya nyumba.

Athumani alikuwa amekaa juu ya tenga lililofunikwa, miguu mitupu. Wakuu, kijidudu bado nilikuwa nakiamini. Nilijua kabisa nikikaa pale naondoka nacho. Nikakaa. Bega kwa bega. Nikamuuliza waziwazi, kama nilivyoagizwa.

Akabandua tope lililokauka kwenye unyayo wake.

"Ndiyo," akasema.

Tuliteremka watatu, yeye katikati, mimi na mama yake pembeni. Nesi akatupokea, akatuunganisha na mtaalamu.

Bado anatibiwa. Kuna siku nzuri, kuna siku mbovu. Juzi kapanga fuso zima, kaangusha mbili tu. Nikirusha, moyo unaruka pamoja na kabichi mpaka nione mikono yake imeifunga. Akichelewa kupokea simu, napanda mlima.

Nesi alinifafanulia baadaye kwamba hisia kuhama kati ya marafiki ni kweli, hata kicheko kinahama, ila hakuna mtafiti aliyesema tukimbiane. Na mimi sikuwa na ugonjwa wake. Nilikuwa na hofu ya kumpoteza mtu, nikaiita kijidudu.

Kwa hiyo, mtu akianza kugawa vitu vyake na kusema hatavihitaji, usiishie kwenye asante. Kaa, uliza, mpeleke kwa wataalamu. Waliopitia haya na wenye fani yao waongezee hapa chini. Wa kunitukana waanzie kwenye ile C.

Nimebakiza kipande kimoja. Pale kwenye tenga, kabla hatujateremka, Athumani aliitazama barakoa yangu.

"Hii ya nini?"

Nikamwambia yote: ile sauti, kikombe, kijidudu. Nikasubiri anifukuze. Akanyoosha mkono, akaivuta barakoa taratibu mpaka kidevuni.

"Mama anakula na mimi sahani moja tangu mvua zianze," akasema, "na bado mzima, mzigo wa maharage anaubeba mwenyewe. Haiambukizi, mgosi."